Bwana Kahawia wa Daraja la Tatu

Siku Bwana Kahawia alipoajiriwa alikuwa na uzito wa kilo kumi na nane, hakuwa na miguu, na kwenye fomu yake, mahali pa jina la baba, paliandikwa "Mti". Mahali pa jina la mama napo paliandikwa "Mti". Afisa Utumishi hakupokea fomu yenye nafasi tupu, na mkemia aliyeileta hakuwa na siku nzima ya kubishana juu ya ukoo wa mfuko wa unga.

Maana Bwana Kahawia alikuwa mfuko wa unga. Niseme mapema, asije mtu akadhani nasema kwa mafumbo. Ulikuwa unga wa rangi ya kahawia, umeshonewa ndani ya mfuko wa kitambaa kigumu chenye kitanzi juu, wa kuning'inizwa. Nani kaanza kumwita Bwana hakuna anayekumbuka, lakini jina lilishika.

Mkemia alikuwa mkemia pekee wa kiwanda cha koki za maji. Koki za pale ziling'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake, lakini kung'aa huko kuna mambo yake. Kila koki huchovywa kwenye mapipa ya shaba, nikeli na kromu, kisha huoshwa, na maji ya kuoshea, pamoja na madini ya risasi yaliyotoka kwenye mashine za kukereza koki, yalipita nyuma ya kiwanda katika mtaro wazi. Yalikuwa na rangi nzuri sana, kijani kinachoelekea buluu. Yaliteremka mpaka kwenye nyumba za watu, na nyumba ya tatu chini ya mtaro ilikuwa ya mama yake mkemia.

Mama huyo alikuwa na kisima uani, kilichochimbwa na marehemu mume wake, na hakunywa maji mengine. Mkemia aliyapima. Akakuta risasi mara nne ya kiwango kinachovumilika, akaandika, akapiga mhuri, akampelekea mama karatasi. Mama aliigeuza juu chini, akaifunikia kopo la sukari.

"Maji yangu meupe," alisema. "Nayaona mpaka chini."

"Mama, risasi haionekani."

"Kama haionekani, wewe umeionaje?"

Hapo ndipo elimu ya chuo kikuu ilipoishia. Mkemia alileta maji ya chupa. Mama akawanywesha kuku. Alimwomba ahamie kwake. Mama akauliza kisima nacho kitahamishwaje. Na wakati huo huo mikono ya mama ilikuwa inaanza kumkana. Maisha yake yote alikuwa akishonea majirani vifungo na kupunguza suruali, lakini sasa uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alikuwa akilenga, anakosa, analenga tena, kisha anasema taa ni mbovu. Mchana kweupe alisema taa ni mbovu. Mkemia alirudi nyumbani siku hiyo, akajiambia kwamba mama akishindwa kuacha maji, basi maji yataacha risasi.

Kilimani, juu zaidi ya kiwanda cha koki, kulikuwa na kiwanda cha karatasi. Wenye karatasi huchemsha mbao, wakachukua nyuzi zake, wakabaki na maji meusi yanayonuka yai bovu. Ndani ya maji hayo mna lignini, ile gundi inayoushika mti ukasimama wima. Wao hawaitaki, ikibaki kwenye karatasi huigeuza njano. Mkemia aliyachota kwa madumu, wakamshukuru kwa kuwapunguzia kero. Aliyatilia asidi mpaka lignini ikaganda na kutuama chini, akaiosha, akaianika. Kisha ikaja kazi yenyewe. Lignini ya kawaida hushika metali kivivu, kwa hiyo aliipika na dawa za kuivalisha mikono, akaipachika naitrojeni hapa na salfa pale, mpaka ikawa ikikutana na shaba au risasi inaing'ang'ania. Ilimchukua miezi saba, na nywele zake zilinuka yai bovu kwa miezi minane. Lakini mwishowe alimimina glasi ya maji ya mtaro juu ya unga wake, na chini yakatoka maji meupe. Alipoyapima hakukuta kitu. Alicheza peke yake maabara, mlango ukiwa umefungwa.

Meneja alitazama glasi, akasifu, akasema fungu la kemikali limefungwa mpaka mwakani.

Mkemia alitoka akakutana na Afisa Utumishi kwenye korido. Huyu watu walimwita Bwana Kanuni, na hakukasirika, kwa sababu hapakuwa na kanuni inayokataza. Akamsikiliza, akafikiri.

"Fungu la kemikali halina kitu," alisema. "Lakini ipo nafasi ya ajira haijajazwa mwaka wa sita sasa. Msafishaji Maji, Daraja la Tatu. Mshahara wake utamtunza mwenyewe, dawa zake, ndoo zake, kitambaa chake."

"Mzee wangu, mimi nahitaji unga. Sihitaji mtu."

"Kanuni zinasema 'mwombaji'. Hazikusema mtu."

Mwenye shida hachagui mlango wa kuingilia. Mkemia alijaza fomu. Picha ilipigwa, mfuko ukiegemezwa kwenye kitambaa cha buluu. Kwenye usaili walikuwapo waombaji watatu, na Bwana Kahawia akapata alama za juu kabisa, hasa kwenye kipengele cha utulivu. Wale wawili wengine walizungumza, na ndivyo walivyojiharibia. Daktari wa zahanati ya kiwanda alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda, akaandika kwamba mapafu ni safi. Ikabaki nafasi moja tupu kwenye fomu: ndugu wa karibu.

"Hana ndugu," alisema mkemia.

"Kila mtumishi ana ndugu. Akipatwa na jambo tumpigie nani simu?"

Mkemia alikuwa amechoka. Aliandika jina la mama yake na nyumba yake, ya tatu chini ya mtaro. Mahali pa uhusiano alisita kidogo, akahesabu: unga kauzaa yeye, yeye kazaliwa na mama. Akaandika "bibi".

Bwana Kahawia akaning'inizwa kwenye tangi la mwisho, maji yakapitishwa kwake, na kazi ikaanza. Mgeni huyu hakusubiri siku ya tatu apewe jembe. Upande mmoja maji yaliingia na ile rangi yao nzuri, upande wa pili yakatoka hayana lolote la kujivunia. Mtaro ukawa mtaro wa kawaida. Wiki ya pili risasi kwenye kisima cha mama ilipungua nusu. Wiki ya tano ilikaribia kiwango.

"Maji yamepoa ladha," mama alilalamika. "Umeyafanya nini?"

"Sijayagusa, mama."

"Basi kuna mtu kayagusa."

Kiwandani nako Bwana Kahawia alipendwa upesi. Hakuchelewa, hakusengenya, hakuomba ruhusa ya kwenda msibani kwa shangazi yule yule mara tatu kwa mwaka. Watu walianza kupita tangini wakati wa mapumziko kumweleza siri zao, na siri hazikutoka. Kila wiki daktari alimpima uzito, kwa kuwa wote hupimwa, na kila wiki uzito ulipanda. Haba na haba, kilo kumi na nane ikawa kumi na tisa na nusu. "Kazi imemkubali," watu walisema. Mkemia pekee ndiye aliyejua kwamba ile kilo moja na nusu ni shaba na nikeli na risasi, na kwamba sehemu ya risasi hiyo ilikuwa na safari ya kwenda kwenye kikombe cha mama yake. Kila alipoona namba ile alifarijika. Picha ya Bwana Kahawia ikatundikwa ukutani chini ya maneno Mfanyakazi Bora wa Mwezi.

Wiki ya saba maji yalianza kutoka na rangi kidogo.

Mkemia hakushtuka. Mikono ya unga ilikuwa imejaa, hakuna zaidi. Unachukua mfuko, unauogesha kwa asidi nyepesi, mikono inafunguka, metali zinaanguka kwenye beseni, unausuuza, unarudi kazini kama mpya. Ni kazi ya saa moja. Akamshusha Bwana Kahawia, akamweka kwenye beseni, akainua jagi.

Ndipo Katibu wa chama cha wafanyakazi akaingia. Alikuwa mkereza koki mwenye sauti ya kushinda mashine zake, na alikuja kumkabidhi Bwana Kahawia kadi ya uanachama. Alitazama jagi. Alisoma neno lililoandikwa ubavuni: ASIDI.

"Unamtia mwenzetu kwenye asidi?"

"Katibu, huu ni mfuko."

"Leo mfuko! Alipokuwa anakufanyia kazi alikuwa Bwana, leo anaumwa amekuwa mfuko!"

Dakika kumi baadaye mashine zote zilikuwa kimya na uwanja umejaa. Mtu alikuwa ameshaandika bango: LEO YEYE, KESHO SISI. Mkemia alisimama dirishani na jagi lake. Ubaya ni kwamba bango lilikuwa na maana, kasoro yake ilikuwa mwenye kutetewa tu.

Meneja, ambaye aliogopa mgomo kuliko ugonjwa, alimwita Bwana Kanuni. Bwana Kanuni akafungua faili. Kwanza, alisema, hakuna kanuni inayoruhusu mtumishi kutiwa kwenye asidi. Pili, mtumishi huyu amefanya kazi wiki saba usiku na mchana bila siku ya kupumzika, kwa hiyo anastahili likizo ya siku ishirini na nane, ianze sasa hivi. Tatu, Mfanyakazi Bora hupandishwa cheo, na barua imeshaandikwa: Bwana Kahawia ni Mkuu wa Sehemu ya Maji.

"Mkuu wa Sehemu ya Maji ni mimi," alisema mkemia.

"Wewe ulikuwa unakaimu."

Alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na moja.

Bwana Kahawia akapelekwa chumba cha wageni. Wakamkalisha kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha, wakamwekea gazeti. Maabara ikafungwa mpaka uchunguzi wa kisa cha asidi ukamilike, dawa zote zikiwa ndani. Mkemia aliomba atengeneze unga mwingine, akaambiwa nafasi ilikuwa moja na imejazwa. Aliomba basi uchovyaji usimame kwa mwezi mmoja, na Meneja akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Mtaro ukarudia uzuri wake.

Siku ya nne risasi kisimani ilikuwa imeongezeka maradufu. Siku ya tisa mama aliangusha sufuria. Haikumuunguza, lakini alikaa chini akaitazama ilipolala, na hakusema taa ni mbovu.

"Nani anaweza kukatiza likizo yake?" mkemia alimuuliza Bwana Kanuni asubuhi iliyofuata.

"Mkuu wa sehemu yake."

"Mkuu wa sehemu ni yeye mwenyewe."

"Basi mwandikie."

Akamwandikia. Naapa aliandika: Yah, Ombi la Kukuogesha. Akaipeleka barua chumba cha wageni, akaiweka juu ya mfuko, akasubiri siku mbili. Jibu halikuja. Bwana Kanuni alimweleza kwa upole kwamba mtumishi aliye likizo hatakiwi kujibu barua za kikazi, na kwamba Bwana Kahawia alikuwa anafuata utaratibu vizuri sana. Mkemia alikwenda stoo, akafunga mlango, akalia kati ya maboksi ya koki. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nusu ya hasira ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kukubali kujaza ile fomu.

Jioni alimweleza mama yote. Alieleza lignini na mikono yake, usaili, picha ukutani, beseni, Katibu, likizo. Mama alikuwa anachambua mchele na hakuonekana kusikiliza, mpaka binti yake alipofika kwenye fomu.

"Umeniandika mimi kuwa nani?"

"Ndugu wa karibu. Bibi yake. Mama, ilikuwa ni kujaza nafasi tu."

Mama aliweka sinia chini. "Miaka yote hii nakuuliza habari za mjukuu, unaniambia kazi, kazi. Kumbe nina mjukuu kiwandani, ananing'inizwa majini usiku na mchana, sasa anaumwa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunibishia hodi?"

"Mama, ni unga."

"Wewe nawe ulizaliwa na kilo mbili tu. Tungesema ni unga?"

Asubuhi mama alivaa gauni lake la kwendea harusini, akapanda kilima kwa miguu yake, akasimama langoni akasema amekuja kumwona mjukuu.

Chumba cha wageni kikajaa. Bwana Kanuni alikuja na faili, Katibu alikuja na kofia yake na vijana wawili wa chama, Meneja alisimama mlangoni ili awe karibu na njia. Mkemia alibaki ukutani. Wote walimwamkia mama shikamoo, akawaitikia marahaba mmoja mmoja, kisha akamgeukia Bwana Kahawia. Alimwondolea gazeti. Alimbonyeza ubavuni, akamshika kitanzi, akajaribu kumwinua, akashindwa.

"Mzito," alisema. "Amejaa. Hivi hamwoni? Huyu ni wa kuogeshwa, anawekwa kwenye kiti apigwe upepo? Namchukua nyumbani."

Katibu alikohoa. "Mama yetu, kwa heshima zote. Tunajua huko nyumbani binti yako atamtia kwenye asidi. Chama hakiwezi kuruhusu mwenzetu aingizwe kwenye asidi."

Mama alimtazama, na hakuonekana kukasirika. Alionekana anajaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Wewe ni mtoto wa yule aliyekuwa mlinzi wa stoo," alisema. "Mume wangu alikuwa pipa la pili, idara ya kuchovya. Miaka kumi na tisa. Mikono mpaka hapa," akajigusa kiwiko, "ndani ya asidi hiyo hiyo. Jioni nilikuwa namfungua vifungo vya shati mimi, kwa sababu vidole vilikuwa vimekataa. Vilipokwisha kukataa vyote mlimpa saa ya ukutani. Chama nilikiona siku ya mazishi. Kilileta shada la maua."

 Nje mashine ya kukereza ilikuwa inalia, maana zamu ilikuwa imeanza. Katibu alivua kofia, akaitazama ndani, akaikunja. Mkemia hakuwahi kusikia habari ya vifungo. Alikuwa shule ya bweni miaka ile, na kila alipokuja likizo baba alikuwa amevaa fulana isiyo na kifungo. Alidhani baba anapenda fulana.

Bwana Kanuni alifungua faili, akafunua kurasa mbili, akapata alichokitafuta. Alikipata upesi mno kwa mtu ambaye siku zote hizo hakuwahi kukitaja.

"Ndugu wa karibu," alisoma, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "anaweza kumchukua mtumishi mgonjwa nyumbani kwake, kwa matibabu yoyote ambayo familia itaona yanafaa." Akafunga faili. "Sahihi yako hapa, mama. Au dole gumba."

"Sahihi," mama alisema. Kalamu ilimtetemeka, akaiandika hivyo hivyo, ikitetemeka.

Langoni mlinzi aliwazuia. Kila kinachotoka hupimwa, na kwenye daftari lake Bwana Kahawia aliingia na kilo kumi na nane, sasa anatoka na kumi na tisa na nusu. Kuna mali ya kiwanda mwilini mwake, alisema mlinzi, na kusema kweli hakuna mtu mwingine siku ile aliyeongea kisayansi kiasi hicho.

"Ameshiba," mama alimwambia. "Mlitaka arudi kwetu amekonda?"

Katibu ndiye aliyembeba. Hakuombwa. Alimweka Bwana Kahawia begani na kuteremka naye kando ya mtaro, mkemia nyuma yake na dumu la asidi nyepesi ambalo Bwana Kanuni alikuwa amelifungulia maabara dakika tano, kwa maandishi. Alimfikisha uani, akamlaza kwenye beseni la kufulia taratibu, akasema atarudi kumchukua akipona.

Mama alikunja mikono ya gauni. Mkemia alimvika glavu ndefu za mpira, akazibana juu kwa kamba, akamimina asidi. Mwanzoni hakukuwa na kitu, kitambaa kilikuwa kinanywa tu. Kisha mama akaanza kukanda, kwa ile mikono ya kuogeshea mtoto, mmoja chini ya mgongo na mwingine ukipita mbavuni, na beseni likageuka rangi. Buluu ilitoka kwenye pembe za mfuko, ikatanda, ikaiva, mpaka sehemu ya chini ya beseni haikuonekana.

Mama aliacha kukanda.

"Hii ndiyo rangi ya kucha za baba yako," alisema.

"Ni shaba, mama. Na nikeli kidogo."

"Na hii yote ilikuwa inakwenda wapi?"

Mkemia alitazama kisima. 

"Na ile risasi yako?"

"Imo humo humo. Haina rangi."

Mama aliendelea kulitazama beseni. Alikuwa mtu wa kuamini macho yake, na macho yake yalikuwa yamemwonyesha jirani wa kile kisichoonekana, kwenye beseni moja, ndani ya mfuko mmoja. Aliinua mikono yake iliyovaa glavu, ikiwa inadondosha buluu, akaiangalia inavyotetemeka.

"Basi na mimi ninayo," alisema.

"Unayo, mama."

"Nilikuwa najua." Alivuta pumzi. "Nilidhani nikiacha kunywa hapa nitakuwa nimemwacha. Alichimba siku kumi na mbili, baada ya zamu, kwa vidole vile. Ili nisiende mbali. Hakuchimba ili kiniue, eti?"

"Hapana, mama."

"Angenigombeza."

"Angetugombeza wote."

Walimaliza kumwogesha, wakamsuuza maji matatu, wakamtundika kwenye kamba ya nguo kati ya shuka mbili. Mshono wa mfuko ulikuwa umefumuka pembeni kwa kule kukandwa. Mama alileta sindano, akajaribu, akajaribu tena, akampa binti uzi bila kusema neno lolote kuhusu taa. Mkemia akamtungia. Kisha mama akaweka ubao juu ya kisima, na juu ya ubao akaweka jiwe la kusagia, na usiku ule akanywa maji ya chupa huku amekunja uso.

Bwana Kahawia alirudi kazini na kilo kumi na nane kamili, na barua ya familia kwamba kila wiki ya sita arudishwe kwa bibi yake. Bwana Kanuni aliigonga mhuri. Katibu ndiye mbebaji, na hakuna mgomo uliofanyika kwa ajili ya hilo. Mgomo uliofanyika ulikuwa wa glavu. Watu wa idara ya kuchovya walikaa chini siku moja, bango likatolewa lile lile la zamani, na glavu zikaja, ndefu, za kupita kiwiko. Yale maji ya buluu mkemia huyatenga risasi yake, yaliyobaki akayarudisha kwenye pipa la shaba, yanang'arisha koki. Kwenye vitabu yameandikwa "zawadi kutoka kwa familia ya mtumishi", kwa kuwa hapakuwa na safu nyingine.

Cheo hakikurudi. Mpaka leo mkemia akitaka ruhusa ya kuondoka mapema humwandikia mfuko, husubiri mpaka jioni, na asipojibiwa huhesabu kuwa amekubaliwa.

Mara ya tano ya kuogesha, mkemia alikuja na karatasi ya vipimo vya kisima. Ilikuwa karatasi nzuri, mwezi wa pili mfululizo chini ya kiwango. Mama aliipokea, akaifunikia kopo la sukari, akaenda kuutoa mfuko kwenye kamba. Mshono ulikuwa umefumuka tena. Mkemia akanyoosha mkono apewe sindano.

"Niache," mama alisema.

Alikaa kizingitini, akalamba ncha ya uzi, akalenga. Akakosa. Akalenga tena, akakosa, na mkemia akageuka akajifanya anatazama kuku. Mara ya tatu hakusikia kitu, akageuka. Uzi ulikuwa umepita tundu, na mama alikuwa anauvuta polepole, mrefu, mpaka mkono wake ukafika juu ya kichwa.

Alishona pembe ile mishono tisa, akakata uzi kwa meno, akampigapiga Bwana Kahawia mgongoni.

"Mchukue mkuu wako," alimwambia binti. "Atachelewa kazini."